Goti la mama limevimba mara ya tatu: jina la mdudu kwanza, kisu baadaye

Swali: Daktari, habari ya kazi. Mama yangu ana miaka 67 na anauza nguo za mitumba Gikomba. Ana kisukari na presha. Nyonga yake ya kulia ilibadilishwa miaka 6 iliyopita na haijawahi kumsumbua. Goti la kushoto lilibadilishwa miaka 3 iliyopita, na tangu siku hiyo halijatulia vizuri. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili lilivimba. Likaoshwa kwa kamera, akapewa antibiotiki za wiki 2, akapata nafuu. Miezi 5 baadaye likavimba tena, tukanunua dawa kemisti na likanywea. Sasa ni mara ya tatu, na chini ya goti pametokea kijitundu kinachotoa maji. Walipima hayo maji kwa pamba. Majibu ya kwanza hayakuonyesha kitu, ya pili yakaonyesha wadudu wa aina tatu. Daktari anasema chuma kitolewe. Mjomba anataka tumpeleke India. Jirani anasema mwili unakataa chuma. Kwa nini mama anaambukizwa kila mara? Na ile nyonga nayo itaambukizwa? Binti, Kayole.

Jibu: Dada, pole sana, na mfikishie mama pole zangu. Sijamshika goti wala sijaona picha zake, kwa hivyo chukua haya kama maelezo ya kukusaidia kuongea na daktari wenu, si kama cheti.

Nianze na hayo maneno yako, "kila mara". Nikisoma hadithi yako kutoka mwanzo hadi mwisho, sioni mtu aliyeambukizwa mara tatu. Naona mtu aliyeambukizwa mara moja, pengine siku ile ile ya upasuaji, na ugonjwa ukawa unalala na kuamka. Umenipa ushahidi mwenyewe: goti halikutulia tangu siku ya kwanza. Goti bandia lililo zima huuma wiki za mwanzo, kisha maumivu hupungua mwezi hadi mwezi. Likiendelea kuuma mwaka mzima bila kupumzika, mimi hushuku vijidudu kabla sijashuku kitu kingine chochote.

Hili lina uzito kwa sababu ukidhani ni maambukizi mapya kila mara, utatafuta dawa mpya kila mara. Ukijua ni yale yale, utauliza yamejificha wapi.

Wewe ni mkaaji wa Kayole, kwa hivyo mtungi wa lita 20 unaujua vizuri. Ukiuwekea maji miezi kadhaa bila kuusugua, ndani hujengeka ule utelezi. Unatia maji safi, unatikisa, unamwaga, yanatoka meupe na unaona umemaliza kazi. Kesho ukipitisha kidole, utelezi uko pale pale. Maji yaliupita juu juu tu.

Bakteria hufanya hivyo hivyo juu ya chuma na plastiki ya goti bandia. Hutua, hung'ang'ania, kisha hujitengenezea utando unaowafunika. Utando huo huanza kujengeka ndani ya saa chache, na baada ya wiki chache huwa umekomaa. Walio ndani yake hupunguza mwendo, hawali sana wala hawazaani sana. Sasa, antibiotiki nyingi hufanya kazi kwa kumvizia bakteria anapozaana, aliyelala zinampita. Kumuua akiwa ndani ya utando kunaweza kuhitaji dawa mara mia, hata mara elfu, ya ile inayomuua akielea peke yake. Hakuna figo ya binadamu itakayovumilia kiasi hicho. Isitoshe, chuma hakina mishipa ya damu, kwa hivyo seli za mwili zinazopigana na vijidudu hazina barabara ya kuwafikia.

Kuna jaribio la zamani ambalo bado huwasimulia wanafunzi. Mwaka 1957, watafiti wawili wa London, Elek na Conen, waliwachoma watu waliojitolea sindano za bakteria wa kundi la stafilokokasi kwenye ngozi. Ili usaha utokee, walihitaji bakteria kwa mamilioni. Kisha wakaweka pale uzi wa hariri, ule wa kushonea vidonda, na bakteria wasiofika elfu moja wakatosha. Ikiwa kipande cha uzi kinaweza kuwasaidia vijidudu kiasi hicho, goti zima la chuma ni makao ya kifahari kwao.

Ndiyo maana hata hospitali bora duniani bado hupata mgonjwa mmoja au wawili wa maambukizi kati ya kila 100 wanaobadilishiwa goti au nyonga. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. John Charnley, Mwingereza aliyeanzisha nyonga bandia ya kisasa pale Wrightington mwaka 1962, mwanzoni alikuwa akiona karibu wagonjwa 7 kati ya 100 wakipata maambukizi. Akajenga chumba kidogo cha hewa iliyochujwa ndani ya chumba cha upasuaji, akavaa suti inayofyonza pumzi yake mwenyewe, na idadi ikashuka chini ya 1. Nayataja haya ili usikimbilie kumlaumu aliyempasua mama. Huenda hakukosea lolote. Kisukari peke yake huongeza hatari, na bakteria wachache kutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe wanatosha.

Yaliyofuata ndiyo yanayonisumbua zaidi. Mara ya kwanza goti lilioshwa kwa kamera, kupitia vitundu vidogo. Kuna wakati kuosha kiungo bila kukitoa hufaa: ikiwa ni ndani ya wiki 4 hivi baada ya kuwekwa, au ikiwa goti lililokuwa zima kabisa limevimba ghafla na dalili hazijapita wiki 3. Hata hapo goti hufunguliwa lote, nyama iliyooza hukwanguliwa, na kile kipande cha plastiki kinachokaa katikati ya chuma hubadilishwa, maana nyuma yake ndipo utelezi hujificha. Kamera haiwezi kubadilisha plastiki. Na kwa goti lililokuwa likiuma miezi 14, utando ulikuwa umekomaa zamani. Ule mtungi ulisuuzwa tu, haukusuguliwa.

Kisha zikaja antibiotiki za wiki 2. Mwaka 2021 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 410 wenye maambukizi ya viungo bandia, wote wakiwa wamefanyiwa upasuaji unaofaa. Nusu walipewa antibiotiki kwa wiki 6 na nusu kwa wiki 12. Katika kundi la wiki 6, kama 18 kati ya 100 walibaki na maambukizi. Katika kundi la wiki 12, kama 9. Yaani hata wiki 6 zilionekana chache. Wiki 2 alizopewa mama zilitosha kupunguza uvimbe, si kumaliza kilichouleta.

Mara ya pili mlikwenda kemisti. Sikukaripii. Najua foleni zilivyo, na najua siku moja nje ya Gikomba ni siku bila mapato. Lakini zile tembe zilifanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Ziliua bakteria wanaoelea na kuwaacha wale wa kwenye utando, labda wakiwa sugu kuliko awali. Tena zilifuta alama za vidole. Ndiyo maana pamba ya kwanza haikuonyesha kitu: maabara haiwezi kuotesha mdudu aliyelowa dawa.

Pamba ya pili, ile yenye wadudu wa aina tatu, iweke kando kabisa. Kijitundu kile kiko wazi kwa ngozi, nguo, vumbi la soko na mikono ya kila aliyekigusa. Anayeota kwenye pamba ni mpangaji wa mlangoni, na mara nyingi si yule aliye ndani ya goti. Nimeona wagonjwa wakichomwa sindano za bei kali kwa miezi wakitibiwa mpangaji wa mlangoni huku mwenye nyumba akiendelea na maisha yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuangukia mtego wa namna hii. Miaka yangu ya mwanzo, mzee mmoja aliletwa na nyonga bandia iliyovimba, ana maumivu makali, familia yote imenizunguka. Nilimhurumia, nikaandika antibiotiki usiku ule ule, nikasema maji ya nyonga tutayavuta asubuhi. Tulipoyavuta hayakuotesha kitu, wala vipande tulivyotoa chumba cha upasuaji wiki iliyofuata. Tukamtibu kwa kubahatisha miezi mingi, na nyonga ikatolewa mara mbili badala ya moja. Hakuwa na homa wala kutetemeka. Angeweza kungoja hadi asubuhi. Tangu siku hiyo mgonjwa wangu aliyetulia hapati tembe hata moja kabla sijapata maji ya kiungo chake.

Kwa hivyo jambo la kwanza ninalotaka mfanye ni kuacha antibiotiki. Zote. Tembe, sindano, na zile zilizobaki kwenye droo. Siku 14 bila dawa, halafu goti lake livutwe maji. Dawa za kisukari na presha aendelee nazo kama kawaida. Kidonda kifunikwe kwa bandeji safi na kavu inayobadilishwa kila siku. Kijitundu kisizibwe kwa pamba, majani wala marashi, maana kikizibwa usaha hutafuta njia nyingine. Goti lisikandwe. Na mtu yeyote asichome sindano kwenye goti hilo kwenye kliniki ya mtaani, hata akisema ni ya kutuliza maumivu tu. Sindano ndani ya kiungo bandia huingizwa mahali safi kama pa upasuaji, na mtu anayejua anachotafuta.

Kuna hali moja inayovunja mpango huu. Akipata homa kali, akatetemeka kwa baridi, akachanganyikiwa, akaanza kupumua haraka au mguu mzima ukawa moto na mwekundu, msihesabu siku tena. Mpelekeni hospitali kubwa usiku huo huo. Hapo maisha ni mbele ya majibu ya maabara, na daktari atachukua damu ya kuotesha na maji ya goti upesi kabla ya kumwekea dripu.

Siku ya kuvuta maji, mwambie daktari kila dawa aliyomeza mwaka huu, pamoja na zile za kemisti. Mficha uchi hazai. Maji yatakayotoka yagawanywe. Sehemu moja ihesabiwe seli nyeupe: zikizidi 3,000 kwa mikrolita, na nyingi zikiwa za aina ya nyutrofili, 80 kati ya 100 au zaidi, shaka huisha. Sehemu nyingine ioteshwe, na hapa ombeni kwa mdomo, msiogope: maabara ihifadhi sampuli kwa siku 14. Maabara nyingi hutupa baada ya siku 5, na baadhi ya bakteria hawa wapole wa ngozi huchukua zaidi ya wiki moja kujitokeza. Ombeni pia kipimo cha TB. Hapa kwetu TB ya kiungo bandia si ya kawaida, lakini ipo, na kama ipo inabadilisha kila kitu. Damu nayo ipimwe CRP na ESR, vipimo ambavyo hupanda mwili unapopigana na maambukizi. Haziwezi kutaja mdudu, ila zitatusaidia baadaye kujua kama anashindwa.

Kijitundu hicho kina maana nyingine ambayo daktari wako bila shaka ameiona. Njia inayotoka kwenye kiungo bandia hadi nje ya ngozi inatosha peke yake kuthibitisha maambukizi, hata kama hakuna kilichoota. Hatuvuti maji ili kujua kama goti limeambukizwa. Hilo tunalijua. Tunavuta ili kumjua ni nani.

Na hapa nakubaliana na daktari wenu: chuma kitoke. Goti lenye kijitundu na historia ya miaka 3 haliwezi kuokolewa kwa kuoshwa tena. Mtungi huo umeshasuuzwa vya kutosha.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya hatua moja: chuma kinatolewa, kila nyama mbovu inakatwa, vyombo vinabadilishwa, na goti jipya linawekwa siku hiyo hiyo. Ilianzia Hamburg, Ujerumani, kwa daktari Buchholz, aliyekuwa na wazo la kuchanganya antibiotiki ya jentamaisini kwenye saruji ya mifupa ili dawa ivuje pale pale inapohitajika. Wazo hilo leo liko kila mahali. Kwa nyonga, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa miezi 18 baadaye waliofanyiwa hatua moja hawakuwa na hali mbaya kuliko waliofanyiwa mbili. Lakini njia hii inataka mdudu anayejulikana, dawa inayomuua na nyama nzuri ya kufunikia. Tatizo la mama liko kwenye goti, si nyonga, ana kijitundu, na mdudu wake hana jina. Sitaipendekeza kwake ila majibu ya maji yawe mazuri kuliko ninavyotarajia.

Ya pili ni ya hatua mbili, na nadhani ndiyo daktari anayofikiria. Chuma kinatolewa na mahali pake panawekwa kiungo cha muda cha saruji iliyochanganywa na dawa, kwa kawaida vankomaisini na jentamaisini. Siku hiyo hiyo daktari anachukua vipande 5 au 6 vya nyama kutoka sehemu tofauti za goti, kila kimoja kwa chombo chake safi. Mdudu yule yule akiota kwenye vipande viwili, huyo ndiye mwenye nyumba. Kisha hufuata antibiotiki za wiki 6 hivi zinazolingana na mdudu huyo, mapumziko mafupi, vipimo, na hatimaye goti jipya. Kutoka mwanzo hadi mwisho hesabuni miezi 3 au 4, akitembea na fremu, bila soko.

Si lazima wiki zote hizo awe kitandani na dripu. Mwaka 2019 utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa zaidi ya 1,000 wa maambukizi ya mifupa na viungo ulionyesha kuwa tembe zilizochaguliwa vizuri hazikushindwa kuliko dawa ya mshipa. Kwa familia inayolipa kitanda kwa siku, hiyo ni habari ya maana. Neno la kushika hapo ni "zilizochaguliwa vizuri", na kuchagua kunarudi kwenye lile jina.

Huenda utasikia rifampisini ikitajwa. Unaijua kama dawa ya TB, na watu wataanza kunong'ona mtaani. Waambie wapunguze sauti. Ni mojawapo ya dawa chache zinazopenya utando wa stafilokokasi. Mwaka 1998 watafiti wa Uswisi waliilinganisha kwa wagonjwa ambao chuma chao kilikuwa imara na maambukizi yalikuwa mapya: kati ya 12 waliomaliza dawa wakiwa na rifampisini pamoja na siprofloksasini, wote walipona, kati ya 12 waliomaliza bila rifampisini, walipona 7. Lakini haitumiki peke yake hata siku moja, kwa sababu bakteria huizoea kwa siku chache tu, na haitumiki kabla TB haijapimwa. Kwetu hupatikana zaidi ikiwa imechanganywa na dawa nyingine za TB, kwa hivyo msiazime tembe za jirani. Inapunguza nguvu ya dawa nyingi: baadhi za presha, za kisukari kama glibenklamidi, za kuzuia damu kuganda, na za virusi vya UKIMWI. Daktari akiiandika, mpeni orodha yote ya dawa za mama. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa msishtuke.

Njia hii ya hatua mbili huwaponya takriban 8 au 9 kati ya 10. Nakupa nambari hiyo kwa sababu ina upande wa pili. Kila upasuaji wa kurudia ukishindwa, unaofuata huwa na nafasi ndogo zaidi. Na kati ya wale ambao ugonjwa hurudi baadaye, sehemu kubwa hukutwa na mdudu tofauti na wa kwanza. Hao sasa ndio walioambukizwa upya kweli, na hapo ndipo mwili wa mgonjwa una neno la kusema kuliko kisu.

Kwa hiyo zile siku 14 za kungoja si za kukaa bure. Apimwe kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c. Kikizidi 8, mimi huahirisha kuweka goti jipya nikishirikiana na daktari wa kisukari. Apimwe damu na protini ya albumini; mtu anayevuja usaha miezi mingi hudhoofika bila kuonekana. Mayai, maharagwe, omena, ndengu: vitu vya kawaida, kila siku. Kama anatumia ugoro au sigara, aache sasa. Mkague nyayo na katikati ya vidole. Mwanamke anayesimama sokoni siku nzima na ana kisukari mara nyingi huwa na nyufa kwenye visigino asizozihisi, na ufa wa kisigino ni mlango. Meno yaliyooza yang'olewe kabla ya goti jipya kuwekwa, si baada yake.

Kuhusu jirani na chuma kinachokataliwa. Mzio wa metali upo, lakini ni nadra, na hautoboi kijitundu cha kutoa maji chini ya goti. Kila mara ninapoambiwa mwili umekataa chuma, nikivuta maji nakuta usaha.

Mjomba naye ana hoja yake. Wakenya wengi wamepasuliwa India na kurudi wazima. Lakini huu si upasuaji mmoja. Ni miwili, na katikati kuna miezi ya dawa, vipimo vya figo na kidonda cha kutazamwa. Nani atafanya hayo? Nairobi kuna madaktari wanaobadilisha viungo katika hospitali za Kenyatta, Aga Khan, na nje kidogo ya jiji kule Kikuyu. Popote mtakapokwenda, ulizeni maswali matatu: umewahi kufanya mara ngapi kutoa goti lililoambukizwa, nani atachagua antibiotiki, na hatua ya pili itafanyika lini. Akijibu la tatu kwa "tutaona", endeleeni kutafuta.

Hatua hiyo ya pili ndiyo inayoua familia kifedha. Nimewaona wagonjwa wakitembea na saruji ya muda zaidi ya mwaka kwa sababu pesa zote, harambee na kila kitu, ziliishia kwenye hatua ya kwanza. Saruji ile huvunjika, dawa yake huisha, na bakteria hupata kitanda kipya. Kabla ya kutia sahihi, pata kwa maandishi kile SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kwa kila hatua na kile kitakachobaki. Changisheni ya zote mbili kabla ya kuanza ya kwanza, au msianze.

Jambo dogo la makaratasi: kila kiungo bandia huja na vibandiko vyenye jina la kampuni, aina na saizi, navyo hubandikwa kwenye faili la upasuaji. Nenda hospitali alikobadilishiwa goti ukavipige picha. Vipige na vya nyonga. Faili hupotea, na mpasuaji asiyejua chuma gani kiko ndani huingia akiwa na bisibisi zisizofaa.

Sasa nyonga. Ndiyo, iko hatarini kuliko nyonga ya mtu asiye na maambukizi popote, kwa sababu bakteria wanaweza kusafiri kwa damu kutoka goti moja hadi kiungo kingine. Lakini haijavimba wala haiumi, basi haiguswi wala haivutwi maji ovyo. Mwambie daktari aipige picha mara moja na kuikagua, na mama ajue dalili: maumivu mapya ya kinena au paja, kushindwa kuukanyagia mguu ule, homa. Njia bora ya kuilinda ni kulimaliza goti. Watu watawashauri mmeze antibiotiki kila mkienda kwa daktari wa meno. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema mwaka 2015 kwamba kwa kawaida hazihitajiki kwa mwenye kiungo bandia. Mswaki kila siku unasaidia zaidi. Vilevile, mkojo wenye bakteria lakini mama haumwi anapokojoa hautibiwi.

Kuna swali hukuliuliza, nami nalijibu kwa sababu mama mwenyewe huenda ameshaliwaza usiku. Je, kama mwili hautaweza upasuaji miwili? Basi zipo njia nyingine, hakuna hata moja tamu. Chuma kinaweza kubaki huku akimeza antibiotiki laini, kama doksisaiklini au Septrin, miaka na miaka, kijitundu kikitoa kidogo kidogo. Hufaa kwa baadhi ya wazee, lakini hata hiyo haianzi kabla mdudu hajajulikana. Goti linaweza kuondolewa na mifupa kuunganishwa ikawa mguu ulionyooka, usiokunjika, usiouma. Mwisho kabisa kuna kukata mguu juu ya goti, ambako mara chache sana ndiko kunakookoa maisha. Ninavyomsoma, mama yako hayuko huko. Ana miaka 67, alikuwa akifanya kazi, na nyonga yake ni nzima. Anastahili jaribio moja linalofanywa sawasawa.

Uliza tembe ya mwisho aliimeza lini, nawe usikubali jibu la "juzi juzi". Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, hesabu siku 14, na siku ya 15 asubuhi mpeleke akavutwe maji.